Kicheko Kwenye Waya Uliokatwa

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kati ya meza na kitanda, mkono wa kulia bado umekamata koleo. Kisogo kilikuwa kimepondwa. Karibu na sikio palikuwa na transfoma ya redio ya zamani, chuma kizito chenye ukubwa wa tofali, kimefutwa hadi kinang'aa.

Inspekta alichuchumaa. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kwa jino, na jino hilo lilikuwa limeshamharibia siku kabla maiti haijaongeza lake.

"Nani huyu?"

"Mzee Waya, afande," alisema Koplo. "Ndivyo wote wanavyomwita. Alikuwa fundi mitambo wa redio ya taifa. Walimfukuza kwenye ule mgomo."

"Mgomo upi?"

"Ule mkubwa. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Mimi nilikuwa shule. Tulikaa siku nyingi bila taarifa ya habari, na hakuna aliyekufa kwa kukosa uongo." Alisimama akishika shavu. "Mchunguze, lakini usiguse meza."

Meza ilikuwa imebeba kompyuta ya kale, ya zile ambazo kibodi na mashine ni kitu kimoja. Plastiki yake ilikuwa imegeuka njano kama meno ya mvutaji. Nyuma yake palikuwa na televisheni ndogo yenye kisogo kirefu, na pembeni spika mbili za mbao, moja kila upande. Kulikuwa pia na boksi la kuwekea diski zile bapa za zamani. Boksi lilikuwa tupu. Kifuniko kilijaa vumbi, ndani hamna vumbi hata chembe.

"Kuna mtu kabeba diski," alisema Inspekta.

"Nani aibe takataka hizo, afande? Hata mimi nikipewa bure..."

"Hukupewa, Koplo. Ndiyo maana ziko kwa mtu mwingine."

Shahidi wa kwanza alikuwa jirani, Mshonaji, mwanamke mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni na hasira iliyokuwa imeiva siku nyingi.

"Mimi na huyo mzee ni ukuta kwa ukuta," alisema kabla hajaulizwa. "Kila jioni redio ikianza ule mlio wake wa taarifa ya habari, na yeye anawasha wa kwake. Mlio ule ule! Kila siku ya Mungu anashindana na redio ya serikali, na anayeumia masikio ni mimi."

"Na leo aliupiga?"

"Aliupiga, tena akazidisha. Ukuta ulitetemeka hadi bobini zikadondoka. Na mle ndani alikuwemo mwanamke, anacheka."

"Mwanamke gani?"

"Ninyi polisi mnalipwa kwa kuuliza tu? Ni mwanamke gani anaingia mle zaidi ya bintiye? Alasiri walitukanana, mtaa mzima ukasikia. 'Utakufa na hiyo mashine yako!' Haya, si kafa nayo?"

"Ulimwona akiingia jioni?"

"Nilimwona akitoka. Ana damu mikononi, anapiga mayowe. Habari zilikuwa bado hazijaisha."

Binti alikuwa analindwa na wanamgambo wawili chumbani kwa Mshonaji, katikati ya vitambaa vya watu. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa na watoto, na macho makavu.

"Nilirudi kumletea chakula," alisema. "Taarifa ilikuwa imefika katikati. Mlango umerudishwa tu, haukufungwa. Nikamkuta. Nikamgeuza kichwa, nikaona, nikamwacha alivyokuwa. Basi."

"Alasiri mligombana nini?"

"Kile kile. Kesho redio inafanya sherehe, inampa mtu nishani kwa kuutunga ule mlio. Baba anataka aende akasimame getini na mashine yake kama kichaa. Nimemwambia mama alikufa kwa ajili ya hao watu, na wewe unataka ufe kwa ajili yao. Anasema kesho ndiyo kesho."

"Jirani anasema ulikuwa humo ndani mlio ulipopigwa. Unacheka."

Binti alimtazama kama mtu aliyetemewa mate.

"Mimi? Nicheke mle? Muulizeni ni lini mtu alicheka mle."

Ukumbini kulikuwa na mwanamume mzee mwenye suti ya kijivu, tai imelowa damu, analia kwa sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti. Walimwita Katibu. Chama cha wafanyakazi alichokuwa katibu wake kilikufa zamani, cheo kikabaki kwake kama kovu. Sasa alikuwa mkuu wa kumbukumbu wa redio ya taifa. Nishani ya kesho ilikuwa yake.

"Majirani walinipigia simu," alisema. "Mimi na Waya tumetoka mbali. Niliingia nikamkumbatia. Walinitoa kwa nguvu."

"Ulikuwa wapi mlio ulipopigwa?"

"Studio. Nahojiwa moja kwa moja kuhusu kesho. Nchi nzima ilinisikia."

"Na alasiri?"

"Huku na huko, maandalizi. Lakini alasiri ya nini, afande? Mtu alikuwa hai jioni. Mtaa mzima umemsikia."

"Sherehe yenyewe ina nini?"

Katibu alifuta macho. Sauti ilimrudia haraka.

"Maonyesho ya historia ya redio. Nitaupiga mlio ulivyokuwa siku ya kwanza. Nina emuleta, yaani programu inayojifanya kompyuta ya kale. Unaipa faili la muziki la zamani, linapiga kama siku zile. Linapiga vizuri kuliko mashine ya Waya, Mungu amrehemu. Mashine zile zinagawa sauti, nusu spika hii, nusu spika ile, kama wanandoa waliotengana. Yangu inazichanganya. Sikio linapumzika."

"Pole kwa msiba," alisema Inspekta, na hakumaanisha.

Mkuu wa kituo alimsubiri mlangoni mwa ofisi, funguo za gari zinalia mkononi.

"Kesho saa nane binti awe mahakamani. Shtaka la mauaji. Mbona unanitazama hivyo?"

"Jino, mkuu."

"Ling'oe. Jalada lisilale mezani kwako. Redio wana wageni kesho, hawataki harufu."

"Sijui nia yake bado."

"Kagombana na babake, kaonekana na damu, kasikika akicheka. Unataka nia, kaitafute kwenye tamthilia."

"Daktari hajasema saa ya kifo."

"Muziki umeisema!"

Daktari wa uchunguzi wa maiti alisema hivyo hivyo asubuhi, kwa maneno yenye adabu zaidi. Mzee angeweza kufa wakati wowote kuanzia alasiri hadi jioni. Pigo moja, kutoka nyuma. "Chumba kilikuwa cha moto, Inspekta. Mimi siwezi kubana zaidi. Saa yenu ni ule mlio."

Kwa hiyo Inspekta alirudi kwenye mlio. Aliwakuta Koplo na mtaalamu wa alama za vidole wanamalizia meza. Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, amejishika kiuno, anahakikisha serikali haiibi kitu.

"Mama, hebu tuambie tena," alisema Inspekta. "Siku nyingine pia huwa unamsikia huyo mwanamke?"

"Siku zote nimsikie ili iweje? Siku zote ni ule mluzi wake na kangoma. Pi pi pi, ka ka ka, kama kuku anadonoa bati. Hamna mwanamke, hamna mtetemo. Jana tu."

"Mluzi ulikuwepo jana?"

"Ulikuwepo. Na kangoma. Na mtetemo. Na mwanamke. Vyote kwa pamoja, kama harusi."

Inspekta alivuta kiti. "Koplo, washa hii mashine."

"Diski si ziliibwa, afande?"

"Zilizokuwa kwenye boksi. Tazama ubavuni."

Diski moja ilikuwa bado imemezwa na mashine, ile ya kila siku. Aliyekuja kuiba alikusanya zilizoonekana. Koplo akabonyeza swichi. Mashine ikakoroma, ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kwenye kioo vikatokea vijia vinne vya herufi na namba, vinashuka kwa pamoja kama mvua kwenye dirisha. Kila kijia kilikuwa sauti moja.

Spika ya kushoto ikaanza kuunguruma.

Hapakuwa na mluzi. Hapakuwa na kangoma. Ilitoka besi nzito peke yake, inatembea, inasimama, inatembea. Kisha katikati ya ngurumo, mwanamke akacheka. Kicheko kifupi cha mtu aliyeshtukizwa na kitu kidogo cha kupendeza. Besi ikatembea tena. Akacheka tena, vile vile.

Mshonaji alirudi nyuma hatua moja. "Huyo! Huyo huyo! Toba, yumo kwenye mashine?"

"Huyu ndiye uliyemsikia jana?"

"Naapa. Lakini mluzi uko wapi? Jana mluzi ulikuwepo!"

Spika ya kulia ilikuwa kimya. Inspekta aliinama nyuma yake. Waya wake ulikuwa umekatwa kwa koleo, ncha zote mbili zimezungushiwa utepe wa plastiki, na utepe ulikuwa mkavu, wa siku nyingi, umepasuka. Akageukia nyuma ya mashine. Kulikuwa na matundu mawili, jeupe na jekundu, na plagi mbili, nyeupe na nyekundu. Plagi nyeupe ilikuwa kwenye tundu jekundu. Nyekundu ilikuwa kwenye jeupe.

Aliyatazama matundu hayo muda mrefu kiasi cha kulisahau jino.

"Alama umezichukua hapa?" alimuuliza mtaalamu.

"Zote mbili. Dole gumba safi kabisa, si la marehemu."

Inspekta alizichomoa plagi, akazirudisha kila moja kwenye rangi yake. Besi ikakatika. Mwanamke akakatika. Spika ya kushoto ikaanza kupiga mluzi, na kangoma kakadonoa bati.

"Haya sasa," alisema Mshonaji kwa kinyongo. "Huo ndio ugonjwa wenyewe."

Binti alikuwa mahabusu, amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Hakuinuka.

"Mnataka nini tena? Niimbe?"

"Nani alikata waya wa spika ya kulia?"

Binti alivuta magoti kifuani.

"Baba. Siku tuliyotoka kuzika. Aliingia na nguo za msiba, akachukua koleo, akakata."

"Kwa nini?"

"Mama yuko upande huo." Alizungumza akiitazama sakafu. "Ule mlio ni wa mama. Alikuwa mpiga chapa pale redioni. Mabosi walinunua ile kompyuta, wakashindwa kuiwasha, wakaisukumia stoo. Yeye akajifundisha. Siku moja baba alikuwa anarekodi ngurumo ya pipa kwa ajili ya besi. Mimi nilikuwa naota meno, nikaiokota diski nikaitafuna kona. Mama akacheka. Kicheko kikaingia kwenye rekodi, wakakiacha. Ndivyo nilivyosimuliwa. Meno yangu bado yako kwenye diski."

"Diski ipi?"

"Zile za boksini. Mle kuna mlio ukiwa bado haujakamilika. Aliutunga kidogo kidogo, kila siku akiweka diski yake. Kuna sehemu alikosea, akafuta, akakosea tena. Baba alikuwa anasema mwizi anao wimbo uliokamilika, mwenyewe anayo makosa yake."

"Na baba yako hakuweza kabisa kuusikiliza upande wa kulia?"

"Hata nilipomwomba. Hata mara moja." Akainua macho. "Kwa nini unaniuliza?"

"Kwa sababu asubuhi hii nimemsikia mama yako akicheka."

Uso wa binti ulibadilika. Ule ubishi wote ulianguka, na chini yake alikuwepo mtoto.

"Umemsikia? Anachekaje?"

Inspekta alifungua mlango wa mahabusu. "Nyanyuka. Una kazi."

Katibu aliitwa chumbani kwa Waya muda mfupi baada ya saa tano. Aliambiwa polisi wamekwama na mashine ya kale na wanamhitaji mtaalamu. Alikuja na suti ya sherehe. Hakupenda kumkuta binti amekaa kitandani.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Shikamoo, baba mdogo," alisema binti. Salamu ilitoka kama kitu kilichooza.

Katibu hakuipokea. "Afande, nina wageni. Tatizo ni nini?"

"Mashine hii ikipiga ule mlio, itoe sauti gani?"

"Mluzi, ngoma, besi, na kuna kicheko. Redioni walikitoa, lakini faili la asili linacho."

"Vyote vinne?"

"Vyote vinne. Hilo tu?"

"Iwashe."

Aliiwasha. Mashine ikakwaruza. Spika ya kushoto ikapiga mluzi na kangoma. Katibu alisubiri kidogo, kichwa ameinamisha, halafu akakunja uso.

"Kuna plagi imelegea. Upande mmoja hausikiki."

"Haijalegea. Tazama waya."

Akainama. Akauona utepe mkavu. Alipoinuka hakuwa na haraka tena.

"Umekatwa tangu mama yake huyu alipozikwa," alisema Inspekta. "Jirani, hebu mwambie bwana mkubwa. Umewahi kumsikia mwanamke kwenye mlio wa Waya?"

"Kamwe!" alijibu Mshonaji kutoka mlangoni. Tangu asubuhi alikuwa amejipandisha cheo mwenyewe kuwa msaidizi wa upelelezi. "Ni jana tu, siku ya harusi."

"Mashine hii ikiwa na spika moja inaweza kutoa mluzi, au inaweza kutoa kicheko. Haiwezi kutoa vyote. Wewe ndiye uliyenifundisha jana, Katibu. Inazigawa kama wanandoa waliotengana. Jana vilitoka vyote pamoja kwenye spika hii hii moja. Ni mashine gani inayozichanganya?"

"Zipo nyingi. Simu yoyote."

"Koplo."

Koplo alitoka ukumbini na mifuko miwili ya vielelezo. Wa kwanza ulikuwa na kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani. "Hati ya upekuzi ilitekelezwa saa nne asubuhi. Hii ilikuwa kwenye droo ya mtuhumiwa, redioni. Ina emuleta, ina faili, na imepangiwa saa ya kuanza. Jana, wakati wa taarifa."

"Ni ya maonyesho!" Katibu alipandisha sauti. "Nilikuwa naifanyia majaribio!"

"Majaribio hayo yaliacha dole gumba lako kwenye plagi hizi mbili?"

"Niliangukia meza nikilia. Kila mtu aliniona."

"Ulilia ukachomoa plagi mbili, ukalia ukazichomeka?" Inspekta alimsogelea. Shavu lililovimba lilimfanya aonekane anatafuna kitu. "Majirani walikupa dakika moja na maiti. Ukachomoa kidude chako kwenye waya za spika, pale ulipokiunga alasiri, ukatia mfukoni, ukarudisha waya za mashine upesi upesi. Ukazipishanisha, nyeupe kwenye tundu jekundu. Kwako haikuwa na uzito. Mashine yenye spika mbili nzima ukizipishanisha, muziki ni ule ule, umehama tu upande. Lakini Waya alikuwa na upande mmoja. Kwake plagi hizo ndizo zilizomtenga na mkewe aliyekufa. Miaka yote hiyo hakukosea hata siku moja. Wewe hukujua, kwa sababu tangu mgomo ule hukuwahi kukaa hapa jioni ukamsikiliza."

Katibu alimtazama binti. "Mwanangu, unajua mimi na baba yako..."

"Usiniite mwanao."

Mfuko wa pili ulijaa diski. Koplo alizimimina juu ya kitanda.

"Hizi zilikuwa kwenye kabati la kioo, ukumbi wa maonyesho kule redioni," alisema. "Chini kuna kibao: 'Hatua za utunzi, kutoka mikononi mwa mtunzi mwenyewe.' Na jina lake hapo."

Binti alizipekua. Akainua moja. Kona yake ilikuwa imetafunwa, plastiki imejaa vishimo vidogo. Akaiweka kinywani mwake mwenyewe, kwenye meno ya mbele, kama anajaribu nguo ya utotoni. Halafu akamwonyesha Katibu.

"Mtunzi," alisema. "Haya meno ni ya nani?"

Mshonaji akapiga kofi moja. "Mfungeni huyo mwanaharamu!"

Alifungwa pingu. Kituoni alionywa, akaelezwa haki zake, akaketishwa kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi. Binti alisimama ukumbini, mlango ukiwa wazi. Mkuu wa kituo alipita, akaona aliyekuwa mezani, akakumbuka kwamba ana shughuli upande wa pili wa jengo.

Mauaji aliyakiri upesi. Ilikuwa kama mtu anayelipa deni dogo ili asidaiwe kubwa.

"Nilikwenda alasiri, binti alipoondoka. Nilimwomba diski za maonyesho. Nikamwambia atakaa safu ya mbele, atapigwa picha. Akacheka. Akasema kesho ataileta mashine getini, atazipiga diski moja moja, watu wasikie wimbo unavyozaliwa, na waone kama mtoto anafanana na mimi. Akachukua koleo, akanipa mgongo. Akasema, 'Kesho namuunga.' Sikuelewa anamuunga nani."

"Sasa umeelewa?"

Katibu alijilamba midomo. "Transfoma ilikuwa pale. Nilipiga mara moja."

"Halafu?"

"Nikabeba diski. Nikakumbuka mlio wa jioni. Usiposikika watagundua mapema. Mashine ile haijipigi yenyewe, inataka mkono wa mtu. Kidude changu kilikuwa kwenye mkoba, nilikuwa nakipeleka studio."

"Na lawama zimwangukie binti."

"Sikulipanga hilo. Lilikuja lenyewe."

"Ukaliacha likae."

Inspekta aligeuza ukurasa wa jalada.

"Ule mlio ulifikaje redioni?" aliuliza Inspekta.

Kwa mara ya kwanza Katibu aliinama. Aliongea taratibu, na kila sentensi ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia.

"Tulikuwa tunaupiga getini, wakati wa mgomo. Kwa kipaza sauti. Ndio uliokuwa unatukusanya asubuhi. Menejimenti wakaniita peke yangu. Wakasema, saini watu warudi kazini, na wewe tutakutafutia nafasi. Walitaka kitu cha kuonyesha amani. Nikawapa ule. Nikasema ni wangu. Nilisaini jioni. Watu wakiwa bado nje ya geti, wakausikia wimbo wao unatokea ndani."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta akamwonyesha kwa kidole aendelee.

"Waya na mkewe?"

"Walikuwa kwenye orodha ya waliofukuzwa. Wakatolewa kwenye nyumba ya kazi. Matibabu yakakatwa. Yeye alikuwa ameshaanza kuumwa." Alinyoosha tai yake. "Nilipeleka rambirambi."

"Nani aliutunga ule mlio?"

"Nimeshakiri kuua. Kuna haja gani ya..."

"Nani aliutunga?"

"Tulikuwa watu wengi. Ilikuwa kazi ya pamoja, ya mapambano..."

Pale kaunta, redio ya konstebo wa zamu ikagonga saa saba. Mluzi ukaanza, ule wa kupambwa na fidla na tarumbeta, msafi, hauna pipa wala kicheko. Konstebo alinyoosha mkono aizime.

"Iache," alisema binti kutoka mlangoni.

Ukapigwa wote hadi mwisho. Katibu alikuwa amefumba macho. Msomaji wa habari alipovuta pumzi ya kuanza, Inspekta aliigonga meza kwa kalamu.

"Koplo, andika jibu la mtuhumiwa. Nani aliutunga?"

"Mama yake huyu," alisema Katibu, kwa sauti ya chini kabisa.

Binti aliingia ndani hatua mbili. Diski yenye meno ilikuwa bado mkononi mwake.

"Sijasikia," alisema. "Rudia."